Unga Juu ya Paa la Betlehemu

Ikiwa unga ulikuwa mwingi namna ile juu ya nyumba, mama wa mtoto alinyimwa ugali kwa sababu gani?

Swali hili liliulizwa hapa Baraka, Alhamisi tarehe 18 Desemba 1952, katika shule ya watoto wadogo ya misioni, na aliyeuliza alikuwa mtoto wa miaka minne, na kati ya watu wazima wote waliokuwamo chumbani hakuna aliyemjibu. Waheshimiwa mapadri na masista, wazee wetu, jirani zetu Wakristo na Waislamu, ndugu mliokuja kutoka Mboko kwa mtumbwi na ninyi mlioshuka Fizi kwa miguu, kwa kawaida historia ya marehemu huanza na kuzaliwa kwake, na huko tutafika sasa hivi, lakini familia imeona kwamba mtu asiyelijua swali hilo hawezi kumjua mwanamke tunayemzika leo, Jumatano tarehe 9 Desemba 1959, kwa hiyo swali limetangulia, na maisha yatafuata.

Marehemu Mama Dorothée Atosha alizaliwa Mboko tarehe 14 Machi 1928, mtoto wa tatu wa Mzee Bonaventure Lubunga, mvuvi wa ndagala, wale dagaa wa ziwani, na Mama Adolphine, mkulima wa mihogo. Watu wa Mboko wanamkumbuka Mama Adolphine kwa kuta zake, maana kila mwaka Noeli inapokaribia, wanawake wanapokandika nyumba upya kwa udongo mweupe, yeye hakutosheka na weupe, alichora kwa masizi na udongo mwekundu samaki na nyavu na kuku na vifaranga, na binti yake alipofika umri wa kushika kitambaa cha kupakia rangi alipewa ukuta wa nyuma, upande wa mbuzi, ambako makosa yake yangewaudhi mbuzi peke yao. Huko ndiko alikosomea kuchora, na yeyote aliyewahi kusema kwamba alijifunza kwa kunakili vitabu vya Wazungu, leo amesikia.

Aliingia shule ya Mboko mwezi wa Septemba 1936. Wapo waliomwonya baba yake kwamba kumsomesha msichana ni kupakia mizigo kwenye mtumbwi wa mtu mwingine, naye akawajibu kwamba ziwa likichafuka halimuulizi mtu mtumbwi ni wa nani. Mwaka 1941 alihamia hapa Baraka, shule ya masista, akajifunza kusoma, kuhesabu, kushona na kufuma, akapata cheti chake mwezi wa Julai 1945, na mwalimu wake wa kushona aliandika pembeni mwa cheti kwamba msichana ana mikono mizuri na shingo ngumu. Familia haina la kuongeza hapo.

Alianza kazi tarehe 3 Septemba 1946 katika shule ya watoto wadogo, akiwa msaidizi, kazi yake ikiwa kuwakalisha, kuwaimbisha, kuwahesabisha kwa mawe na kuwafuta kamasi, wakati mama zao wako shambani au wako mchangani wanaanika ndagala. Tarehe 27 Agosti 1949 alifunga ndoa na Bwana Anatole Byaombe, seremala wa misioni, ambaye yuko hapa mbele yenu, na Mungu akawajalia Fabien, aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1950, Pulchérie, aliyezaliwa tarehe 19 Septemba 1953, na mtoto wa tatu ambaye tutamfikia.

Sasa turudi kwenye Alhamisi ile.

Lilikuwa limefika sanduku kutoka Ulaya, na ndani yake vitabu vya picha vya Noeli kwa ajili ya watoto wadogo, karatasi nene, rangi za kung'aa, na Padri Mkuu mwenyewe alikuja kukifungua cha kwanza, akakishika juu ili watoto wote waone. Picha ilikuwa ya kijiji usiku. Mapaa yalikuwa meupe, njia nyeupe, matawi ya miti meupe, na katikati ya weupe ule mwanamume na mwanamke mja mzito wamesimama mbele ya mlango uliofungwa, na nyuso zao zimechoka. Kila mtoto wa Baraka anajua kitu kimoja tu cheupe ambacho watu hukitandaza juu ya mapaa na juu ya mawe, nacho ni muhogo. Basi chumba kizima kilishusha pumzi kwa kuuona utajiri wa kijiji kile, na mtoto Georgette, binti wa Isidore mvuvi, akasimama bila kuitwa, akasema:

"Hii unga yote iko juu ya nyumba, na mama wa mutoto iko na njaa. Juu ya nini habamupikie bugali?"

Padri alicheka, wageni waliofuatana naye walicheka, na sista akamwambia Georgette akae chini. Kisha Padri, kwa upole, akaeleza kwamba ule haukuwa unga, ile ni nèje, mvua inayoshikwa na baridi hadi inakuwa nyeupe, na mtoto mwingine akataka kujua kama hiyo nèje inatwangwa kabla ya kulowekwa au baada yake, watu wakacheka tena, na somo likaisha. Hata akina mama waliokuja kuchukua watoto wao walikitazama kile kitabu mlangoni kwa mashaka. "Bantu gani hawa," mmoja wao alisema, "banaanika unga na usiku? Umande itaiozesha yote." Na mwenzake akamjibu kwamba watu wanaomfukuza mzazi mlangoni hata unga wao uoze tu.

Dorothée hakucheka. Alikuwa amesimama ukutani na mtoto wa mtu mgongoni, na alilisikia swali kama lilivyoulizwa. Padri alimfundisha Georgette habari za baridi, na Georgette alikuwa ameuliza habari za njaa. Tena alikuwa ameuliza jambo ambalo huku kwetu si mchezo, kwa sababu huku mwanamke akijifungua haachwi peke yake, kabla chungu hakijachemka wanawake wa mtaa wameshafika, huyu na maji, huyu na kuni, na asiye na kitu kingine anafika na unga kwenye ungo, na hata mgeni aliyeshikwa na uchungu njiani, nyumba ya kwanza anayoifikia ndiyo kwao. Anayemfungia mlango mwanamke wa namna hiyo, siku ya matanga yake hakuna atakayemchangia hata konzi ya unga. Sasa huyo mtoto ameonyeshwa kijiji kizima kikifanya jambo hilo, kimepakwa rangi nzuri, hakuna hata mtu mmoja ndani ya kitabu aliyeona haya, halafu anaambiwa akae chini. Dorothée alirudi nyumbani akamwambia mume wake kwamba yule mtoto anadaiwa jibu, na kwamba yeye atalichora.

Kuanzia hapo kazi yake mliiona kwa macho yenu. Karatasi hakuitaka, kwa sababu mtoto mdogo huisoma karatasi kwa meno, alitaka kitabu cha kitambaa. Alinunua merikani dukani, akakata kurasa, Bwana Anatole akamtengenezea fremu ya mbao ya kunyoosha kitambaa, naye akakipaka uji mwepesi wa muhogo ili kikauke na rangi isisambae. Nyekundu ilikuwa udongo wa njia ya Fizi, nyeusi masizi ya chungu, kijani maji ya sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, njano bizari ya duka, na ziwa lilikuwa bluu ya kufulia. Kitabu cha kwanza kilikamilika Desemba 1953, akakianika kwenye jiwe, na mbuzi wa jirani, akifuata harufu ya muhogo, akala kuanzia safari ya Maria hadi wachungaji. Cha pili akakitilia pilipili ndani ya uji. Mbuzi walikiogopa, lakini watoto waliokinyonya walilia shule nzima, na kwa siku kadhaa jina la Betlehemu likitajwa wanashika midomo. Cha tatu alikipaka nta ya nyuki juu, na hicho ndicho kilichoingia darasani Noeli ya mwaka 1954, na hicho ndicho tunachokisema leo.

Kwa wale ambao hawakukiona, kilikuwa hivi. Mwanamke mja mzito anatembea kando ya ziwa, ametoka upande wa Mboko, mume wake yuko nyuma na mzigo kichwani. Wanafika kijijini, na juu ya mapaa yote kumeanikwa muhogo. Wanafika kwenye nyumba yenye ngazi na baraza, na mlangoni amesimama mtu, mkono mmoja umeshika mlango, na mlango umekaribia kufungwa. Wanalala katika zizi la mbuzi. Kisha, kabla ya wachungaji na kabla ya malaika, wanawake wa kijiji wanapanda juu ya mapaa, wanazikusanya nyungo zao na kuja, wa mbele wao amebeba unga na wa mwisho kuni, na ukurasa unaofuata Maria anakula ugali na ndagala, na Yosefu amempakata mtoto ili mama ale vizuri. Wanawake waliuona ukurasa ule wakacheka, wanaume wakatazama ziwani. Wafalme walikuja mwisho, kama ilivyo desturi ya wakubwa, vyombo vikiwa vimeshaoshwa.

Siku alipokionyesha, Georgette alikuwa na miaka sita, alishahamia madarasa ya juu, lakini Dorothée alikwenda kumtoa darasani kwake, akamkalisha mbele. Mtoto aligeuza kurasa polepole hadi kwa wanawake wenye nyungo, akaweka kidole pale, akasema, "Aa. Balichelewa, lakini balikuja." Huo ndio ulikuwa mtihani wa Dorothée, na aliupita siku hiyo.

Mwaka 1955, mwezi wa Oktoba, inspekta wa shule alipita Baraka, akakiona kitabu mikononi mwa watoto, akakipenda kweli, hatutamnyima haki yake, akasema kwamba kitapigwa chapa kwenye karatasi nzuri, vitabu elfu moja, kwa shule zote za watoto wadogo za Kivu. Dorothée hakulala vizuri kwa furaha. Alimwambia Waridi, jirani yake, mke wa Zuberi mwenye mitumbwi, kwamba mtoto wa Fizi na mtoto wa Uvira na mtoto wa Bukavu ambao hawajuani watalishika swali moja mikononi siku moja. Alikitamani kitu hicho kuliko nyumba ya bati. Hili lishikeni, tafadhali, kwa sababu wapo wanaosema alikataa kwa kuwa hakujua anachokikataa.

Wazee wa familia wameomba sehemu inayofuata isomwe kwa upole. Inasomwa kwa upole.

Tarehe 17 Januari 1956, siku ya Jumanne, inspekta alirudi, wakakaa na Padri Mkuu ofisini, Dorothée akaitwa, akaambiwa kitabu kiko tayari kwenda, yamebaki mambo matatu madogo. La kwanza, wafalme watangulie, wanawake wa unga wafuate. La pili, uso wa Maria ubadilishwe, kwa kuwa watu wote wa Baraka wanaona kwamba ni Waridi, na Waridi ni Mwislamu. La tatu, ile nyumba yenye ngazi na baraza itolewe pamoja na mtu wake wa mlangoni, kwa kuwa hapa Baraka nyumba zenye ngazi na baraza zinajulikana, na inajulikana humo wanakaa akina nani, na yule mtu wa mlangoni hakupakwa rangi yoyote, ni kitambaa kitupu, cheupe.

Sasa tazameni mwanamke mwenye shingo ngumu alivyofanya. Uso wa Maria aliukubali, akasema Waridi mwenyewe analalamika kwamba amenenepeshwa. Wafalme alisema atawasogeza mbele kidogo, hata punda atawaongezea, ingawa punda hajawahi kumwona na angefanana na mbuzi wa Ulaya. Kwa nyumba aliuliza kosa lake liko wapi. Padri akamuuliza kwa nini yule mtu hana rangi.

"Rangi yake siijui, Padri," alisema. "Injili haikuitaja. Kila mutoto anamupatia ile anayoiona."

Inspekta alipotafsiriwa hayo alifunga kitabu. Padri, ambaye alimpenda Dorothée na alimbatizia watoto wake, alimsogelea, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba ni ukurasa mmoja, ukurasa mmoja tu kati ya kumi na miwili, autoe, na watoto elfu moja watapata kilichobaki. Na kweli ilikuwa hesabu nzuri, mtu yeyote mwenye akili angeipiga. Dorothée akakifungua kitabu tena pale pale mezani, akakigeuza upande wa Padri.

"Padri, mulango ukiutoa," alisema, "huyu mama alilala inje juu ya nini?"

Aliuliza kwa nini mama alilala nje, ndugu waombolezaji. Ni swali lile lile la Georgette limekua, na watu waliosoma miaka mingi walikaa mbele yake kama watoto ambao hawakujiandaa kwa somo. Inspekta alisema asante, akachukua kofia yake. Vitabu elfu moja havikupigwa chapa. Kitabu chenyewe Padri alikichukua kwa mkono wake akakifungia kabatini, katika sakristia, kwa usalama wake, alisema, na mwisho wa mwezi ule Dorothée aliambiwa kwamba shule haihitaji tena wasaidizi ambao ni wanawake walioolewa. Alikuwa ameolewa tangu mwaka 1949, na ilichukua hadi mwaka 1956 mtu kuligundua.

Yalisemwa mengi. Yalisemwa kwamba ana kiburi, kwamba amewanyima watoto wa watu, kwamba Bwana Anatole naye atapoteza kazi kwa ajili ya mdomo wa mke wake, na mtu mmoja aliye hapa leo alimwendea Bwana Anatole karakanani akamshauri amrekebishe. Bwana Anatole aliendelea kupiga randa, kisha akamjibu, "Mi nilioa fundi mwenzangu. We ukiona meza yangu mubaya, usinunue, lakini usinikatie muguu wake." Hakupoteza kazi, kwa sababu maseremala walikuwa wachache, na wasaidizi wa shule, kama tulivyoona, walikuwa wengi.

Mwezi wa Machi mwaka ule ule Waridi alijifungua. Dorothée alikwenda kwake na ungo wa unga kama desturi, na chini ya unga alikuwa amekunja kitabu kipya cha kitambaa, chenye kurasa zote kumi na mbili, na mlango ukiwamo, na uso wa Maria ukiwa ule ule. Waridi alikifungua kitandani akacheka hadi akashika tumbo. "Mama Fabien," alisema, "mi balinifukuza kanisani na sijaingia hata siku moja." Kisha akakaa nacho, akakisomea watoto wake wakubwa, na mzazi mwingine alipopatikana nyumba ya tatu, Waridi alikipeleka kwake kama alivyokipokea, juu ya ungo, pamoja na unga. Hapo ndipo sheria ilipozaliwa bila mtu kuitunga, kwamba kitabu kinalala palipo na mtoto mchanga, na hakitoki nyumba moja kwenda nyingine bila unga. Dorothée aliona kwamba kitabu kimoja hakitoshi, akashona kingine, na kingine, kila kiangazi muhogo unapoanikwa, na vikaenda njia zake, kimoja Mboko, kimoja vijiji vya nyuma, kimoja kikapanda Fizi kwenye kamiyo, lile lori la chumvi. Hakikupigwa chapa hata kimoja. Lakini kuna akina mama mlimani huko ambao hawajawahi kumwona Dorothée, na wakati wa Noeli hawaulizani kama wafalme wamefika, wanaulizana nani amepeleka unga.

Mtu atasema vitabu vichache si sawa na vitabu elfu moja. Ni kweli. Ilimuuma, na hakuficha kwamba ilimuuma, na lori la misioni lilipopita na masanduku ya vitabu vya Ulaya alikuwa akisimama mlangoni akilitazama hadi linakata kona. Alipoulizwa kama anajuta, jibu lake lilikuwa moja, kwamba watoto elfu moja wangepewa hadithi ya mwanamke aliyependa mwenyewe kulala zizini kwa mbuzi.

Tarehe 22 Novemba mwaka huu, Jumapili, Dorothée alijifungua mtoto wa kike hapa Baraka, nyumbani kwake, salama, na wanawake walifika kama desturi. Mtoto alimpa jina la Georgette, na somo wake, ambaye sasa ana miaka kumi na moja, aliitwa aje amshike. Kitabu hakikuwapo nyumbani, maana wiki iliyotangulia cha mwisho alikuwa amekipeleka kwa mzazi wa mtaa wa pili, na alipoulizwa kwa nini hakubakiza kimoja naye anajua tumbo lake, alisema kwamba mwenye duka hafi njaa, atashona kingine akipata nguvu. Hakuzipata. Homa ilimshika siku ya nne, masista wa dispanseri walimtibu kwa bidii, na tarehe 30 Novemba alipelekwa hospitali ya Uvira, ambako daktari alipigana kwa dawa zote alizokuwa nazo. Siku zake za mwisho aliuliza mambo mawili, kama mtoto ananyonya, na kama mvua imeukuta muhogo nje. Aliaga dunia Jumanne tarehe 8 Desemba 1959, asubuhi, akiwa na umri wa miaka thelathini na mmoja. Ameacha mume, watoto watatu, wazazi wote wawili, na deni la jibu, ambalo tayari alikuwa amelilipa peke yake.

Familia inamshukuru daktari wa Uvira na wasaidizi wake. Inawashukuru masista wa dispanseri, ambao hawakuangalia saa. Inawashukuru walimu wenzake wa zamani, hata wale waliokuwa wakimsalimia wakiwa wametazama pembeni, leo wamemtazama. Inamshukuru Bwana Zuberi, aliyewaleta wafiwa kutoka Mboko kwa mitumbwi yake na kukataa kusikia habari ya nauli, na inamshukuru Mama Waridi kuliko wote, kwa kuwa mtoto Georgette tangu mama yake aondoke kwenda Uvira ananyonya kwake, pamoja na mwanawe anayetambaa, na asiyeamini kwamba uso ule ulistahili kuchorwa aende akatazame mlangoni kwake sasa hivi. Inakushukuru wewe pia, Padri Mkuu, uliyetoa gari la misioni likampeleka Uvira na jana likamrudisha, ukakaa naye njia yote ukisali. Tumeliona, na hatutalisahau, na shukrani yetu ni ya kweli, nayo haitufungi mdomo.

Dada Dorothée, umetua mzigo, mlango wa huko haujafungwa nusu, pita ukapumzike.

Limebaki jambo moja. Tumeuliza Mboko, tumeuliza Fizi, vitabu vyake vyote viko kazini, kila kimoja kiko kwa mzazi, na hakuna mtu wa ukoo huu atakayekwenda kumnyang'anya mzazi. Mtoto Georgette hajatimiza mwezi, na ni yeye peke yake, kati ya watoto wachanga wa pwani hii, asiyelala na kitabu cha mama yake. Kimebaki kimoja, kile cha nta, kiko katika sakristia. Sheria inasema hakitoki bila unga, na unga tumeuleta, uko kwenye ungo pale kwenye ngazi za baraza lako, Padri, umefunikwa kwa kitambaa ili vumbi lisiuingie. Tunakuomba ufungue kabati utupe kitabu.